Ubeti wa Nne wa Bibi Nakundwa

Nimestaafu. Vijana wa mitamboni mmeniomba niwaandikie mawili matatu kuhusu kazi, mbandike pale ubaoni karibu na chupa ya chai. Nahisi mlitegemea nishukuru ushirikiano, nitaje wakubwa walionilea, nimalize kwa baraka. Shukrani nilizitoa siku ya keki. Karatasi hii ni ya kazi, na yamo humu mambo ambayo nikiyakumbuka hata chai hainishuki. Anayetaka maneno laini asubiri kuagwa kwa mwenzangu atakayefuata.

Sikuanzia redioni. Nilianzia kwenye kibanda cha Mzee Kiangi, fundi redio, nyuma ya stendi hapa Same, nikiwa binti aliyemaliza shule na kukataa kurudi mlimani kuchambua kahawa. Baba alinipeleka pale kwa muda tu, akisema nitachoka moshi wa risasi ya kulehemu nirudi nyumbani. Sikuchoka.

Siku ya kwanza Mzee Kiangi hakunipa bisibisi. Alinipa santuri, akasema, "Shika." Nikaishika kama sahani ya pilau, dole gumba likiwa juu kabisa. Aliitoa mkononi mwangu taratibu.

"Binti, hapo ulipoweka dole ndipo mtu anapoimba," alisema. "Umemkanyaga kooni."

Mpaka leo sijasikia maelezo ya kazi yetu yaliyozidi hayo. Ninyi mnafanya kazi na sauti zisizoshikika, mnabofya tu, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba mle ndani kuna mtu. Mimi nilifundishwa kushika santuri kwa ukingo, viganja viwili, pumzi imezuiwa. Nilifundishwa kuiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kuifuta kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa mpaka kikalainika, kufuata mzunguko wa mifereji na kamwe si kuikata katikati. Zile nzito za zamani, zinazovunjika kama kigae, hazitaki spiriti hata tone. Iliyopinda unailaza katikati ya vioo viwili, unaiweka penye joto la kiasi, unasubiri. Ukiwa na haraka unapata bakuli.

Kisha zikaja kaseti, na watu wakaanza kutupa santuri kama wanatupa maganda ya ndizi. Niliona mambo. Nilimwona mwenye baa moja hapa mjini akizipigilia ukutani kwa misumari, msumari ukipita katikati ya jina la mwimbaji, eti pambo. Niliona watoto wakizirusha uwanjani zipae. Niliona moja imekatwa kwa moto ikawa sura ya saa, mishale inazunguka juu ya nyimbo ambazo hakuna atakayezisikia tena. Nikaanza kuziomba. Mtu akihama, napita. Mzee akifariki, baada ya matanga nakwenda kwa heshima kuuliza kama kuna santuri. Watu walinicheka. Mama mkwe aliwahi kuniuliza mbele ya wageni kama nyumba yangu ni jalala. Nikamjibu kwa adabu kwamba bado, lakini nafasi ipo.

Redio yetu ilipofunguliwa waliniajiri fundi mitambo, na nikaja na santuri zangu kwenye maboksi ya biskuti. Kipindi cha nyimbo za zamani mlichokirithi kilianza na maboksi yale. Ndipo mkaniita Mama Santuri, jina ambalo nilikuwa nalichukia na sasa nitalikosa.

Sasa niwaeleze ile santuri moja, kwa sababu wengi mliisikia kwa juujuu tu na wengine mlidanganywa.

Nilikuwa nimepanda Mbaga, kule mlimani, kumsalimia mke wa binamu yangu. Nimekaa jikoni naye, tunakula makande, natazama pembeni naona mtungi wa maji umefunikwa kwa duara jeusi, juu yake kikombe cha kuchotea. Nikaacha kijiko.

"Mama Anaeli, naomba hicho kifuniko. Nitakuletea kingine kizuri."

"Hicho?" Alishangaa. "Mbona kimetoboka katikati? Wadudu wanaingia."

"Hicho hicho."

"Chukua. Ila wifi, watu wa redio hawawalipi vizuri?"

Ilikuwa santuri ndogo, ya wimbo mmoja kila upande. Upande wa chini ulikuwa umekwisha kwa unyevunyevu. Upande wa juu ulikuwa na mikwaruzo ya kikombe, lakini mifereji ilikuwa mizima. Karatasi ya katikati ilikuwa imeliwa na mende. Lilibaki jina la wimbo, *Shangazi Fungua*, na kipande cha jina la duka lililorekodi. Jina la mwimbaji halikuwepo, na kwa jinsi maandishi yaliyobaki yalivyopangwa, sidhani liliwahi kuwepo.

Niliiosha mara kadhaa. Nikaiweka kwenye gramafoni, nikashusha sindano kwa mkono kwa sababu sikuiamini springi ya kuishushia. Kwanza mchakacho, kama mvua juu ya mabati. Halafu gitaa moja, jepesi, likifuatwa na njuga za miguuni, halafu sauti ya msichana. Aliimba nusu kwa Kipare chetu cha kusini, nusu kwa Kiswahili, bila mbwembwe, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya bonde. "Shangazi, fungua mlango, nimefika. Shangazi, fungua, mikono imejaa, nitue." Gitaa linachezacheza hapo kati mpaka miguu haitulii. Nilisikiliza peke yangu nimesimama, mikono yote miwili kichwani. Nimekusanya santuri tangu ujana wangu. Sijawahi kupata nyingine kama hiyo, na sikuwahi kumkuta mtu mwenye nakala yake.

Nikaiweka hewani. Mnakumbuka kilichotokea. Simu hazikukatika. Watu wakaurekodi kutoka redioni kwa simu zao, ukasambaa kutoka Same mpaka Hedaru, na katika muda mfupi hapakuwa na harusi wala sendofu ya kumuaga bibi harusi uliyokwenda usiusikie. Bibi harusi anaingia ukumbini, unapigwa *Shangazi Fungua*. Mashangazi wanasimama mstari mmoja wanajifanya wamefunga mlango kwa vitenge, bibi harusi anagonga hewa, wanafungua, vigelegele. Mtu mmoja wa mjini, mkusanyaji wa santuri kama mimi, alinipigia akataka kuinunua. Nikamuuliza kama angependa kujua ni nani anayeimba. Akasema hilo si muhimu sana, siku hizi wateja wanapenda zaidi zisizojulikana. Nilikata simu. Nilikuwa na adabu zaidi siku zile, vinginevyo angesikia mengine kabla sijakata.

Kila tulipoucheza nilimwomba Zawadi, mtangazaji wetu, aulize hewani: sauti hii ni ya nani? Wengi walipiga kudai ni mama yao marehemu. Halafu siku moja akapiga mama mmoja wa Bendera, kule tambarare, akijitambulisha kuwa Mama Happy.

"Huyo mnayemtafuta ni jirani yangu," alisema. "Anaitwa Nakundwa. Ninyi mnauliza yuko wapi, na mimi namwona hapa anapepeta mpunga."

Kesho yake nilipanda basi la kwenda kule. Nilimkuta Bibi Nakundwa barazani kwake, mwanamke mrefu, mkavu, kanga imefungwa kifuani, macho yasiyo na haraka. Mama Happy alinitambulisha kisha akaketi pembeni asikose neno.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayeniimbisha kila Jumamosi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikatoa simu nikamchezea wimbo, kwa sababu alisema redio yake haishiki vizuri na hajawahi kuusikia mwanzo hadi mwisho tangu usichana wake. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Gitaa la mwisho lilipoisha alibaki ameinama hivyo hivyo, akisubiri. Halafu akaniangalia.

"Basi?"

"Umeisha, mama."

"Na hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza kama mlango ulifunguliwa?"

 Hapo ndipo aliponieleza, na nawaeleza kama alivyonieleza, bila kuongeza chumvi.

Alikuwa na dada, Navoneiwa, aliyeolewa kilima cha pili. Mume alikuwa akimpiga. Msimu mmoja wa masika, jioni, Navoneiwa alirudi nyumbani kwao mvua ikinyesha, ana mtoto tumboni na furushi la nguo mikononi. Akagonga. Ndani walikuwepo baba, shangazi yao aliyekuwa akitunza nyumba baada ya mama kufariki, na Nakundwa mwenyewe, bado mtoto. Baba alisema mahari imeshapokelewa na mtu haolewi nusu. Shangazi akasimama mlangoni, mgongo umeegemea komeo. Navoneiwa akaita. "Shangazi, fungua, nimefika. Mikono imejaa." Aliita mpaka sauti ikakauka, kisha wakasikia hatua zake zikishuka. Mto ulikuwa umejaa. Walimkuta siku iliyofuata, chini kabisa, watu waliokuwa wakienda shambani.

"Mimi nilikuwa ndani," alisema Bibi Nakundwa. "Komeo lilikuwa juu kuliko kichwa changu. Niliruka, sikulifikia. Shangazi alinisukuma kwa goti."

Alipokuwa mkubwa alitunga wimbo. Beti nne. Tatu za kugonga, zenye maneno yale yale ya dada yake, na ya nne ya kujibu. Alijiunga na vijana wawili, mmoja wa gitaa na mmoja wa njuga, wakaenda Nairobi kurekodi. Mwenye studio aliwasikiliza, akaupenda mdundo, akaukataa ubeti wa nne. Alisema watu wananunua santuri wacheze, wasilie. Nakundwa alipobisha, akambadilishia sababu: akasema santuri ni ndogo, ubeti wa nne hauna nafasi ya kuenea.

Nilikuwa nimeibeba ile santuri, nimeifunga kwenye kanga ndani ya mkoba. Nikaitoa hapo hapo barazani. Nataka vijana mnisikilize vizuri kwenye jambo hili, ni la ufundi. Ukiishika santuri kwenye mwanga unaona mifereji inapoishia, na kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya katikati unabaki ukanda mtupu, laini, usio na sauti. Hiyo ndiyo nafasi isiyotumika. Wimbo ukijaza santuri, ukanda unakuwa mwembamba. Kwenye santuri ile ukanda ulikuwa mpana kama vidole vyangu vitatu vikikaa pamoja.

Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Mama, nafasi ilikuwepo. Na nyingine ingebaki."

Aliweka vidole vyake kwenye ule weusi mtupu. Kwa mara ya kwanza nilimruhusu mtu ashike uso wa santuri yangu, na nisingemzuia hata kama angetaka kuivunja.

"Kwa hiyo alinidanganya," alisema.

"Alikudanganya."

Mama Happy alisonya, sauti iliyotosha kufika Nairobi.

Nilimuuliza kama angekubali kuja redioni kuuimba wote. Alifikiri. Akauliza kitu kimoja tu: "Safari hii nitamaliza?" Nikamjibu ndiyo. Nilimjibu kwa moyo wote, maana mimi ndiye niliyekuwa nakaa mitamboni.

Meneja wetu wa wakati ule wengi hamkumkuta. Jina lake siliandiki. Nilipomwambia tunamleta mwimbaji wa *Shangazi Fungua*, alifurahi mno, akaagiza kipindi cha salamu za harusi kirefushwe. Mdhamini wa kipindi alikuwa mtu wa mapambo ya kumbi, na Meneja alikuwa ameshamuahidi sherehe. Nikamweleza habari ya ubeti wa nne. Furaha ikamtoka usoni.

"Mama Santuri, bibi aimbe zile beti watu wanazozijua."

"Wimbo ni wake."

"Na hewa ni yangu."

Hivyo ndivyo alivyosema, na mashahidi wapo. Hewa ni yake. Mimi nilidhani hewa ni ya Mungu, ila yeye alikuwa amesomea utawala.

Siku ya Jumamosi Bibi Nakundwa alifika na Mama Happy, amevaa gauni la kanisani, kilemba kimekaa sawasawa. Alikuja na mpiga gitaa mmoja wa Bendera aliyemfundisha mwenyewe wiki ile. Nikamvalisha hedifoni, nikamsogezea kipaza sauti, nikamwambia asikisogelee sana. Zawadi akamkaribisha kwa heshima, wakasalimiana, watu wakapiga simu kumpongeza. Halafu akaimba.

Sauti ilikuwa imeshuka, ina mikunjo, lakini mwito ulikuwa ule ule. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi mkono uko juu ya kishikio cha sauti, nalinda tu kisipande sana. Gitaa likacheza pale ambapo santuri inaishia, ila safari hii lilirudi chini, polepole, na Bibi Nakundwa akafumba macho.

"Shangazi hukufungua, nimerudi," aliimba. "Nimeshuka na mvua, mikono imejaa..."

Mlango wa chumba cha mitambo ukafunguliwa nyuma yangu. Sikugeuka. Nikaona mkono wa Meneja unapita juu ya bega langu, saa yake inang'aa, unashusha kishikio hadi chini. Mkono wa pili ukabofya tangazo. Same nzima ikasikia mtu akiimba kwamba ukumbi wako utameremeta.

Kule nyuma ya kioo Bibi Nakundwa alikuwa bado anaimba. Hakujua; sauti yake mwenyewe ilikuwa imemjaa masikioni. Halafu lile tangazo likamfikia masikioni, akanyamaza, akavua hedifoni akaishika mbali na yeye kama kitu cha moto. Alimtazama Zawadi.

"Wamenikata tena?"

 Zawadi alifunika kipaza sauti kwa kiganja, ingawa hakikuwa kinaenda popote, na machozi yakaanza kumtoka.

Mimi nilisimama. Nilimwambia Meneja, "Yule mama yuko mle ndani anaimba."

"Ataendelea baadaye."

"Wapi? Lini?"

"Watu wako harusini wanakata keki, Mama Santuri! Wewe unawaletea maiti!"

"Maiti alikuwepo siku zote. Ninyi mlikuwa mnamchezea."

Akaniambia nikae. Sikukaa. Nilitoka nikaingia studio, nikapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi Nakundwa, nikamuomba anisamehe kwa niaba ya jengo zima. Alinigusa kichwani akasema, "Inuka, mwanangu. Si wewe uliyeshika mlango." Mpaka leo maneno yale yananipa hasira zaidi kuliko kama angenitukana, kwa sababu alikuwa ameshazoea. Alikaza kilemba chake, akashukuru kwa chai, akapanda basi akarudi Bendera. Mtu aliyekatwa mara mbili katika maisha yake alishukuru kwa chai.

Sasa sikilizeni. Mara ngapi nimewaambia: mtu akiingia studio, washa kinasa sauti kingine, waya wake utoke kwenye kipaza sauti moja kwa moja, usipite kwenye meza ya mitambo? Mnanung'unika kwamba ni kazi mara mbili. Mzee Kiangi alinifundisha kutoiamini mashine moja. Siku ile kinasa cha pembeni kilikuwa kinazunguka, na Meneja hakujua kama kipo. Aliposhusha kishikio alizima hewa, hakuzima kinasa. Bibi Nakundwa aliimba kwa sehemu kubwa ya tangazo kabla hajalisikia, kwa hiyo ubeti wa nne nilikuwa nao mzima.

Nilimpigia, kupitia simu ya Mama Happy, nikamuuliza kama ananiruhusu. Alisema, "Ukiweza, weka. Usipoweza, usinipe tumaini."

Jumamosi iliyofuata Meneja alikuwa kwenye mkutano Moshi. Zawadi alitangaza wimbo, akaeleza ni wa nani, akamtaja dada yake kwa jina. Mimi nikauweka. Wote, bila tangazo. Na kwa wale ambao hamjawahi kuusikia kwa sababu mafaili yalifutwa baadaye, maneno ya mwisho ni haya:

*Shangazi hukufungua, nimerudi,*
*nimeshuka na mvua, mikono imejaa.*
*Mto haukuniuliza mahari,*
*mto ulinifungulia.*

Simu zilikuja. Mzee mmoja alitutukana tusi ambalo nililazimika kuliulizia maana. Mwanaume mwingine, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, alisema tunaharibu ndoa za watu. Nikachukua simu mwenyewe, nikamwambia ndoa inayoharibiwa na ubeti mmoja ilikuwa imeharibika kabla hatujawasha mitambo. Mama mmoja wa upande wa Jipe hakutoa maoni yoyote. Aliuliza tu tutaucheza tena lini, akasema asante, akakata kabla hatujamuuliza jina.

Meneja aliporudi aliniondoa mitamboni. Nilipelekwa kwenye dawati la matangazo, na huko ndiko nilikomalizia utumishi wangu, nikipanga saa za kutangaza kumbi zinazomeremeta. Sauti ya Bibi Nakundwa ikafutwa kwenye mashine zote za redio. Wimbo wa beti tatu ukaendelea kuchezwa kila Jumamosi, na unachezwa hadi wiki hii, nimeusikia kwa masikio yangu nikiwa jikoni kwangu. Mnaoucheza ni ninyi. Sisemi hivi kuwalaumu, mnacheza mlichokikuta. Ila sasa mmejua.

Mwezi uliopita, mara tu baada ya kustaafu, nilialikwa Bendera kwenye sendofu ya Happy, binti wa yule Mama Happy. Turubai limefungwa uwanjani, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa, spika kubwa kama makabati. Bibi Nakundwa aliketi mstari wa mbele pamoja na wazee. Nilikaa karibu naye.

Happy alipoingia, mshereheshaji, kijana wa kukodi kutoka mjini, akapiga *Shangazi Fungua*. Wa beti tatu. Mashangazi wakapanga mstari na vitenge vyao. Nilimtazama Bibi Nakundwa. Alikuwa anatazama mikono yake. Wimbo ukaisha, vigelegele vikapigwa, na yeye akainuka, akaenda mbele kwa hatua zake za taratibu, akanyoosha mkono apewe kipaza sauti.

"Bibi, ratiba imebana," mshereheshaji akasema, huku anacheka kwa ajili ya wageni. "Kutoa zawadi ni baadaye."

Nilikuwa nimeshainuka kwenda kumwambia kitu ambacho kisingefaa sherehe. Happy aliniwahi. Akiwa bado katikati ya mashangazi, gauni limemzunguka, alisema kwa sauti, "Mpe. Huo wimbo ni wake."

Akapewa. Hakukuwa na gitaa. Aliuimba ubeti wa nne peke yake, mkavu, na uwanja ukanyamaza kipande kwa kipande: wazee kwanza, halafu mashangazi, halafu vijana wa nyuma. Mjomba mmoja alisikika akisema, haya ya msiba yamefuata nini huku. Wanawake kadhaa walijifunika midomo kwa kanga. Mmoja aliondoka kabisa, akaenda kusimama nyuma ya gari.

"Haya, haya, turudi kwenye furaha!" mshereheshaji alisema, mkono umeshanyooka kuchukua kipaza sauti.

"Bado," alisema Happy.  "Bibi, naomba urudie hapo mwisho. Mama alikuwa jikoni, hakusikia."

Mtu akaenda kumwita. Mama Happy akatoka nyuma ya turubai, mwiko mkononi, jasho usoni, akidhani kuna kitu kimeungua. Akaona watu wote wamemgeukia. Akaona binti yake amesimama. Bibi Nakundwa akauimba tena ubeti ule, taratibu zaidi, akimwimbia yeye.

Ulipoisha, Mama Happy alimpa mwiko mtu aliyekuwa karibu. Alipita katikati ya mstari wa mashangazi, na vitenge vikashushwa kumpisha. Akamshika Happy mabega yote mawili, akasema bila kuhitaji kipaza sauti:

"Mlango wa kwangu unaujua. Usibishe hodi. Sukuma uingie."